Daftari la Ardrossan na haki ya msikilizaji

Katikati ya Mei 2024, waendeshaji wa redio ya ridhaa duniani walikuta Logbook of the World haifunguki. Daftari hilo la kidijitali la mawasiliano yao hutunzwa na chama cha wenzao wa Marekani, ARRL, ambacho mitambo yake ilikuwa imevamiwa na wadukuzi. Lilirudi Julai 1, kumbukumbu zikiwa salama. Lakini kwa wiki hizo watu walikumbushwa swali la kale: ukisema umesikia kituo cha mbali, nani atakuamini?

Mvumbuzi Marconi aliliona swali hilo mapema. Desemba 1901 alitangaza kwamba amenasa herufi S kutoka ng'ambo ya Atlantiki akiwa Newfoundland. Shahidi wake alikuwa msaidizi wake mwenyewe, na mpaka leo wapo wanaombishia.

Miaka 20 baadaye watu wa ridhaa hawakutaka kurudia kosa hilo. Jaribio lao la Februari 1921 la kuvusha mawimbi mafupi hadi Uingereza lilikuwa limeshindikana, na Wamarekani wengine wakadhani kasoro iko masikioni mwa Waingereza. ARRL ikamtuma huko fundi hodari, Paul Godley. Katika ripoti aliyoliandikia jarida la QST, Godley anasimulia baridi na mvua ya Ardrossan, pwani ya Scotland, alikopiga hema na kutandaza waya wa karibu mita 400. Pembeni yake aliketi D. E. Pearson wa kampuni ya Marconi, kazi yake ikiwa kushuhudia.

Kituo cha kwanza walichokinasa kilijitaja kuwa 1AAW. Furaha haikudumu: baadaye ilionekana kuwa aliyerusha hakuwa mwenye namba hiyo. Alikuwa mdandiaji. Hata hivyo, usiku wa Desemba 11 kuamkia 12 kituo cha 1BCG cha Greenwich, Connecticut, kilipenya na ujumbe kamili wa maneno 12: pongezi na majina ya mafundi sita, akiwemo mvumbuzi Edwin Armstrong. Safari hii hakuna aliyebisha, maana saa na majina yalikuwa yameandikwa, na masikio ya watu wawili yalikubaliana. Waingereza nao walijibu kwa vitendo: baadhi yao walizinasa ishara za Marekani wakiwa majumbani mwao, bila hema wala safari.

Kompyuta zilipokuja, daftari likahama. Mwaka 1996 ulileta ADIF, mpangilio unaowezesha programu tofauti kusoma kumbukumbu zilezile; 2003 ikaja Logbook of the World, ambamo rekodi huthibitishwa pale tu pande mbili zinapolingana. Ni Pearson yuleyule, ila sasa ni programu.

Kwetu, kizazi kizima kilisikiliza London, Cairo, Moscow na Cologne kwa Kiswahili, kikatuma ripoti za usikivu na kupokea kadi za QSL za kuthibitisha usikivu huo. Nimeshika daftari la mzee mmoja: tarehe, saa, masafa, kituo, kisha 35333, tarakimu tano za mfumo wa SINPO zinazopima nguvu ya ishara, mwingiliano, kelele, kufifia na usikivu kwa jumla. Kurasa za mwisho zimeliwa na mchwa.

Inauma. Hiyo ni historia ya anga letu iliyoandikwa na wananchi, na hakuna aliyeichapa kwenye kompyuta. Mwenye daftari kama hilo nyumbani aanze leo, mstari kwa mstari, na asibadilishe hata tarakimu moja.