Nozeli za petroli katika gari lenye turbo: uchaguzi wa ukubwa

Ukubwa wa nozeli ni kiasi cha petroli ambacho nozeli moja hupitisha kwa dakika ikiwa wazi muda wote, chini ya presha inayojulikana, mara nyingi bar 3. Hutajwa kwa cc kwa dakika. Wamarekani hupima kwa ratili kwa saa, na ratili 1 kwa saa ni sawa na cc 10.5 hivi kwa dakika.

Turbo huzungushwa na moshi wa injini na kubana hewa inayoingia kwenye silinda. Hewa ikizidi, petroli nayo lazima izidi. Uwiano wa kuungua bila masalio ni sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzani. Turbo inapobeba mzigo wote hupewa 11 au 12 kwa 1, kwa sababu petroli ya ziada hupoza chumba cha mwako. Nozeli ikielemewa, hewa inazidi, joto linapanda, injini inaanza kugonga, na pistoni ya alumini huweza kutoboka kabla dereva hajaelewa sauti anayoisikia. Kinyume chake si kweli: nozeli kubwa haiongezi nguvu hata kidogo. Nguvu huletwa na hewa, nozeli inaifuata tu. Madereva wengi wanaonunua nozeli kwanza na turbo baadaye wameanzia mwisho.

Hesabu yenyewe

Injini ya petroli yenye turbo hula takriban gramu 270 za petroli kwa kila nguvu farasi moja kwa saa, ikisukumwa hadi mwisho. Injini ya silinda nne inayolengwa kufikia farasi 300 itahitaji gramu 81,000 kwa saa, yaani 1,350 kwa dakika. Petroli ina uzani wa gramu 0.74 hivi kwa cc, hivyo ni cc 1,824 kwa dakika. Zikigawanywa kwa nozeli nne, kila moja ipitishe cc 456. Nozeli ya cc 456 haitoshi, ingawa hesabu inaonekana imefunga.

Sababu ni muda. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, silinda hupata milisekunde 20 tu kati ya mwako mmoja na unaofuata. Nozeli ni mlango wa sumaku unaofunguka na kufungwa ndani ya muda huo, na kufunguka pekee huchukua karibu milisekunde 1. Betri ikidhoofika huchukua zaidi. Ikifika mahali haipati nafasi ya kufunga, kompyuta ya injini haina tena cha kuongeza. Desturi ni kuishia asilimia 80 ya muda. Gawanya 456 kwa 0.8, unapata 570. Nozeli za cc 550 zitakuwa zimebanwa kidogo. Za 600 zitatulia.

Kuzidisha nako kuna gharama zake. Injini ya lita 2 ikinguruma taratibu kwa mizunguko 800 huhitaji petroli kidogo sana. Ukiiwekea nozeli za cc 1,000, muda ambao kompyuta huiamuru nozeli kufunguka hushuka chini ya milisekunde 1.5, na sehemu kubwa ya muda huo ni ile ya kufunguka. Hapo petroli haitoki kwa kipimo: gari linatetemeka kwenye foleni, plagi zinaingia masizi. Nozeli za kisasa zinavumilia zaidi kuliko za miaka ya 1990, lakini si bila kikomo.

Ziwani na pwani

Gari linaloishi Kasingirima, kata ya Ujiji huko Kigoma, linavuta hewa iliyo karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Tanganyika wenyewe uko kwenye mita 770 na kidogo. Mgandamizo wa hewa huko ni kilopaskali 92 hivi, dhidi ya 101 pwani. Gari lisilo na turbo hupoteza karibu asilimia 9 ya hewa yake. Lenye turbo inayodhibitiwa kwa springi, ikiongeza bar 1 juu ya hewa ya mahali, hupata kilopaskali 192 Ujiji na 201 Dar es Salaam.

Tofauti hiyo ya asilimia 5 inaonekana ndogo. Lakini gari lililotuniwa kando ya ziwa na nozeli zake zikawa zinafanya kazi asilimia 95 ya muda litapita Tabora na Dodoma salama, maana miji hiyo iko juu zaidi, kwenye mita 1,100 hadi 1,200, hewa ni nyepesi. Baada ya Morogoro barabara inashuka, hewa inanenepa, na nozeli zinafika kikomo pale pale ambapo lami imenyooka na dereva ana haraka. Kwa hiyo fundi wa Kigoma apige hesabu ya usawa wa bahari, hata kama mwenye gari anaapa kwamba hatavuka Uvinza. Magari haya hubadilisha wamiliki. Yale ambayo kompyuta zake hulenga mgandamizo kamili hayana tatizo hili: turbo huzunguka zaidi huku juu na kiasi cha hewa hubaki kilekile.

Viwandani walifanyaje

Toyota wanatoa mfano mzuri. Injini ya 3S-GTE ya lita 2, iliyokuwa kwenye Celica GT-Four ambayo Mkenya Ian Duncan alishinda nayo Safari Rally mwaka 1994, ilitoka kiwandani kwa gari la kawaida na nozeli za cc 440. Toleo lililofuata likapewa 540. 2JZ-GTE ya Supra iliuzwa Japani na nozeli sita za cc 440, na nje ya Japani na za 550. Za 550 zina ukinzani mdogo wa umeme, zile 440 mkubwa. Jambo hili huwaponyoka wengi wanaonunua nozeli za mtumba kwa kutazama cc peke yake. Nozeli ya omu 12 hadi 16 huunganishwa moja kwa moja. Ya omu 2 hadi 5 bila rezista huweza kuunguza kompyuta.

Presha nayo hubadilisha ukubwa, kwa kipeuo cha pili: kutoka bar 3 hadi 4, mtiririko hukua kwa asilimia 15, si 33. Ni njia rahisi ya kuokoa nozeli zilizopungua kidogo, ila pampu hutoa pungufu kadiri presha inavyopanda, na turbo ya bar 1 tayari imeilazimisha kusukuma dhidi ya bar 4. Injini ya mfano wetu inahitaji lita 110 hivi kwa saa katika presha hiyo.

Nozeli zilizotumika zipimwe mtiririko zote kwa pamoja. Sensa ya oksijeni husoma wastani wa moshi wa silinda zote, kwa hiyo nozeli moja iliyoziba kwa uchafu wa dumu hufichwa na wenzake watatu hadi pistoni yake ishindwe. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ina hatari nyingine: hugonga mapema, na nozeli kubwa haiwezi kuiponya. Uchakachuaji huo ndio uliowafanya EWURA, wadhibiti wa nishati Tanzania, waanzishe vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010.

Hesabu hizi hazihusu dizeli. Land Cruiser ya dizeli hufanya kazi na hewa ya ziada wakati wote, na ikizidishiwa mafuta ndipo joto linapopanda na moshi mweusi kutoka. Ya petroli huungua ikipunjwa.