Wimbo wa wachunga ng'ombe uliowaliza askari

Mwaka 1688, katika mji wa Basel nchini Uswisi, mwanafunzi wa udaktari Johannes Hofer aliandika juu ya ugonjwa wa kutamani nyumbani mpaka mwili unakonda. Aliunga maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurudi na lingine la maumivu, akauita nostalgia. Alimtaja kijana wa Bern aliyekuwa masomoni Basel, ambaye watu walikuwa wamekwisha kumkatia tamaa. Walipomtia njiani kumrudisha kwao, alianza kupata nafuu kabla hajafika.

Wakati ule milima ya Uswisi ilikuwa na umaskini mwingi. Vijana walikwenda kuwa askari wa mishahara katika majeshi ya wafalme wa nje, hasa wa Ufaransa. Mwaka 1710 daktari mwingine wa Basel, Theodor Zwinger, aliandika kwamba askari hao walishikwa na ugonjwa huo wakisikia wimbo ambao wachunga ng'ombe wa kwao huitia mifugo. Kwa Kifaransa unaitwa ranz des vaches. Baadaye Jean-Jacques Rousseau, katika kamusi yake ya muziki ya mwaka 1768, alisimulia kwamba ulikatazwa jeshini kwa adhabu ya kifo, maana waliousikia walilia, walitoroka au walikufa.

Rousseau aliongeza kwamba nguvu haikuwa katika sauti zenyewe, kwani mgeni akiusikia hashtuki. Nguvu ilikuwa katika ukumbusho.

Watafiti wa leo wamefika karibu na hapo. Mwaka 2009, Wamafa wa milima ya kaskazini mwa Kamerun, ambao hawakuwa wamezoea muziki wa Ulaya, waliweza kutambua upi ni wa furaha, upi wa huzuni na upi wa kutisha. Mwaka 2015, Wambenzele 40 wa msitu wa Kongo-Brazzaville walilinganishwa na wakaaji 40 wa Montréal. Muziki uliisisimua miili yao kwa namna inayofanana, lakini juu ya upi unafurahisha moyo na upi unauhuzunisha, hawakupatana. Mwaka huohuo wa 2009, Petr Janata wa California alionyesha kwamba sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso huamka zaidi mtu akisikia wimbo unaomrudishia maisha yake ya zamani.

Milima ya Masisi, yenye malisho na ng'ombe, watu huilinganisha na Uswisi. Wengi waliotoka huko wameishi kambini miaka. Mama akilia kwa kusikia wimbo wa arusi ya kwao, jirani humwambia azime redio. Machozi hayo si ugonjwa wala ulegevu. Ni ubongo unaokumbuka. Akikaa siku nyingi bila kula wala kulala, hapo apelekwe kituo cha afya.

Dawa kubwa ya Hofer ilikuwa kumrudisha mgonjwa kwao, na dawa hiyo haiko mikononi mwa walio kambini. Walicho nacho ni wimbo, na hakuna aliyeweza kuupora. Lakini mtoto aliyezaliwa chini ya hema hana mlima wa kukumbuka. Kwake wimbo ule ni sauti tu, kama kwa mgeni wa Rousseau, mpaka mkubwa akae naye na kumsimulia ni wa kijiji gani, na nani alikuwa akiuimba.