Msaidizi wa kazi: kumpata ni shida, kumtunza ni shida zaidi

Kila tunapozungumzia biashara ndogo hewani, malalamiko ya aina mbili hayakosekani. Mwenye duka analalamika kwamba wasaidizi hawakai, na wakiondoka wanaacha shoti. Msaidizi naye analalamika kwamba kafanya kazi miezi mitatu, kalipwa mmoja. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Makala haya yanaeleza mambo ya kuzingatia kabla ya kumchukua mtu wa kukusaidia, awe wa duka, wa kibanda cha uwakala wa pesa au dada wa kazi nyumbani.

Kwa nini Tunduma ni pagumu

Tunduma ni mji wa mpakani. Ng'ambo ni Nakonde, Zambia, na barabara kuu ya kwenda Lusaka inapita katikati. Tangu kituo cha huduma kwa pamoja mpakani kilipozinduliwa Oktoba 2019, nyaraka za nchi zote mbili hushughulikiwa mahali pamoja, lakini malori na wasafiri bado ni wengi. Vijana huja kutoka vijiji vya Mbozi, Momba na Ileje kutafuta riziki, na wengi hawana ndugu mjini. Kijana anaweza kuanza kazi kwako Jumatatu, na Alhamisi akasikia kuna nafasi ya kupakia mizigo inayolipa papo hapo.

Kuna pia jambo la msimu. Kahawa ya Mbozi ikiiva, au mashamba yakihitaji mikono mvua zikianza, msaidizi anaitwa nyumbani. Ukimchukua mtu bila kuzungumza naye habari ya msimu, usishangae akiaga ghafla.

Kumpata: usiangalie uso peke yake

Wengi wetu humchukua mtu kwa kuelekezwa na jirani. Si vibaya, lakini ongeza hatua hizi:

- Omba kitambulisho cha NIDA au namba yake. Kama hana, omba barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji au mtaa anakotoka.
- Pata mdhamini mmoja unayeweza kumfikia, si namba ya simu tu. Jua anakaa wapi.
- Mpigie aliyemwajiri kabla yako. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokwisha, kwa hiyo muulize kama anacho.
- Mjaribu kwa kazi yenyewe. Anayekwenda kukaa dukani apewe hesabu ya chenji. Anayekwenda kwenye kibanda cha uwakala aoneshwe ujumbe wa muamala, aseme kama ni wa kweli au wa matapeli.

Kwa wenzetu wa mpakani kuna la ziada. Raia wa Zambia hawezi kuajiriwa huku bila kibali cha kazi, kwa mujibu wa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015. Kuvuka kila siku kuja sokoni ni jambo moja, kuajiriwa ni jingine.

Umri: hapa hakuna mzaha

Hili linagusa vijiji vyetu moja kwa moja. Binti wa miaka 12 anachukuliwa kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa mjini, halafu anageuzwa yaya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14. Wa miaka 14 na kuendelea anaweza kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumkosesha masomo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Mzazi, mtu akija kumwomba binti yako, muulize shule gani, darasa la ngapi, na nani atalipa. Asipokuwa na jibu, binti abaki nyumbani.

Andikeni, hata kwenye karatasi ya daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Makubaliano nayo ni hivyo hivyo. Sheria inamtaka mwajiri aandike mambo ya msingi: majina na umri wa mfanyakazi, kazi anayofanya, mahali, tarehe ya kuanza, saa za kazi na malipo. Mkigombana mbele ya sheria na huna maandishi, ni wewe mwajiri utakayetakiwa kuthibitisha mlichokubaliana.

Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku. Zikizidi, kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Mfanyakazi anastahili pia likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mwenye kibanda anayefungua saa 12 asubuhi na kufunga saa 4 usiku akiwa na mtu mmoja, ajue kwamba anahitaji watu wawili wa kupokezana. Mtu aliyechoka ndiye anayekosea kutuma pesa.

Kuhusu mshahara, Serikali hutoa amri ya kima cha chini kwa kila sekta. Kwa amri iliyoanza Januari 2023, mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida alipangiwa Sh 60,000 kwa mwezi, na asiyeishi hapo Sh 120,000. Amri mpya imeanza Januari 2026, hivyo ulizia ofisi ya kazi kiwango cha sasa. Chakula na malazi visiwe sababu ya kutomlipa.

Shoti: chanzo kikubwa cha ugomvi

Hesabu inafungwa usiku, pesa hazitimii. Mwenye duka anakata mshahara wote. Je, inaruhusiwa? Hapana. Ili ukate kwa ajili ya hasara, lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi. Lazima umweleze kwa maandishi chanzo, kiasi na ulivyokokotoa, na umpe nafasi ya kujitetea. Makato yasizidi hasara yenyewe, wala robo ya mshahara wake.

Mfano: mshahara ni Sh 240,000 na shoti ni Sh 90,000. Robo ni Sh 60,000. Mwezi wa kwanza utakata Sh 60,000, mwezi wa pili Sh 30,000 iliyobaki.

Bora zaidi ni kuzuia. Mhesabiane floti na pesa taslimu asubuhi na jioni, wote wawili msaini. Namba ya siri ya laini ya uwakala isitajwe kwa mtu yeyote anayepiga simu, hata akijiita mtu wa kampuni. Ujumbe wa kitapeli utumwe kwenye namba 15040. Na kwacha zitengewe daftari lake, kwa sababu kiwango hubadilika na shoti nyingi za mpakani huanzia kwenye kubadilisha fedha.

Kumtunza

Tunachosikia kwa wasaidizi waliokaa miaka mingi sehemu moja ni mambo ya kawaida: kulipwa tarehe iliyosemwa, kutotukanwa mbele ya wateja, kuruhusiwa kwenda msibani, kupandishiwa kidogo biashara inapokua. Hakuna aliyetaja zawadi kubwa.

Mkishindwana, achaneni kwa taratibu. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28, na anayelipwa kwa siku au wiki, siku 4. Ndani ya mwezi wa kwanza ni siku 7. Notisi hiyo inamhusu na msaidizi pia: si vyema kuondoka usiku na ufunguo wa duka.

Mgogoro usipoisha, upo mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Malalamiko ya kuachishwa kazi yapelekwe ndani ya siku 30, na mengine, kama mshahara usiolipwa, ndani ya siku 60. Wengi hupoteza haki yao kwa kuzungushwa na ahadi ya mwezi ujao. Hesabu siku zako tangu mapema.