Homoni ya parathiroidi na chembe sahani za damu

Homoni ya parathiroidi (kifupi: PTH) hutolewa na tezi nne ndogo zilizo shingoni, nyuma ya tezi ya thiroidi. Kazi yake ni kurekebisha kiasi cha kalisi na fosfati mwilini. Kwa wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine, homoni hiyo mara nyingi hupanda sana, kwa kuwa figo zilizoshindwa haziondoi fosfati ya kutosha wala haziiwezeshi vitamini D kufanya kazi. Kalisi ikishuka, tezi huzidi kutoa homoni.

Mwaka 1977 Shaul Massry aliuliza kama PTH ni mojawapo ya sumu zinazowadhuru wagonjwa hao. Mwaka 1981 Giuseppe Remuzzi na wenzake, wa Italia, walionyesha kwamba katika maabara homoni hiyo huzuia chembe sahani kushikamana. Chembe hizo ndizo zinazowahi kuziba mshipa uliojeruhiwa. Hata hivyo, utafiti kwa wagonjwa wenyewe uliochapishwa mwaka 1986 haukupata ushahidi kwamba wingi wa PTH ndio unaoharibu chembe sahani zao.

Visababishi vingine vina uzito zaidi: sumu zinazobaki damuni, heparini inayotumika kwenye mashine, na hasa upungufu wa damu. Chembe nyekundu zikiwa nyingi huzisukuma chembe sahani pembeni, karibu na ukuta wa mshipa, mahali zinapohitajika. Zikipungua, msukumo huo hupungua pia.

Majibu ya kipimo huweza kupotosha. Karatasi inaweza kuonyesha chembe sahani kati ya 150,000 na 400,000 kwa mikrolita, yaani kiwango cha kawaida, na bado tundu la sindano likavuja muda mrefu. Hesabu hutaja idadi, si utendaji.

Katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni mojawapo ya zinazosafisha damu. Kwa kawaida matibabu huchukua saa 4, mara 3 kwa wiki. Siku nyingine mgonjwa yuko nyumbani, karibu na duka la dawa. Aspirini na diklofenaki, zinazonunuliwa kirahisi kwa maumivu ya mgongo, hudhoofisha chembe sahani hizohizo. Anayetaka kung'olewa jino amweleze daktari wa meno mapema kuwa anasafishwa damu.

Uvujaji hutibiwa kwa kusafisha damu vya kutosha, kuongeza chembe nyekundu kwa eritropoietini au kuongezewa damu, na desmopresini kabla ya upasuaji. PTH iliyozidi hushushwa hasa kwa ajili ya kulinda mifupa.