Mpishi Mmoja, Sufuria Mbili

Ukiulizia laptop ya mtumba jijini Nairobi, muuzaji atakutajia prosesa yake kwa majigambo: viini vinne, nyuzi nane. Inasikika ni kama umeongezewa viini vinne vya bure. Si kweli, ingawa pia si uongo mtupu, na ubishi kuhusu nyuzi hizo za ziada sasa umepita miaka 20.

Yote yalianza na kungoja. Prosesa huchapa kazi haraka kuliko memori inavyoweza kuiletea data, kwa hivyo kila mara inakaa tu, kama mpishi aliyemtuma mtoto dukani kuleta nyanya. Mwaka wa 1995, Dean Tullsen, Susan Eggers na Henry Levy wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha wazo lao: mpe huyo mpishi sufuria ya pili. Kiini kimoja kipokee maagizo ya programu kadhaa kwa wakati mmoja, ili moja ikikwama, nyingine itumie sehemu zilizolala.

Kampuni ya Digital ilipanga kuweka wazo hilo kwenye prosesa yake ya Alpha, nyuzi nne kwa kila kiini. Lakini Digital ilinunuliwa na Compaq mwaka wa 1998, na 2001 Compaq ikaachana na Alpha. Chipu hiyo haikuwahi kufika dukani. Intel ndiyo iliyolifikisha wazo kwa watu wa kawaida mwaka wa 2002, kwanza kwenye Xeon za seva, kisha Novemba kwenye Pentium 4 ya gigahezi 3.06. Ikaliita Hyper-Threading. Kwa hesabu ya Intel yenyewe, chipu iliongezeka ukubwa kwa chini ya asilimia 5, na baadhi ya kazi za seva zikapata kasi ya hadi asilimia 30.

Shikilia hapo kwa "baadhi". Sufuria ni mbili, lakini jiko ni moja. Nyuzi mbili hugawana kashe ileile, na kila programu ikiitaka yote, zinabaki kufukuziana data na zote mbili zinachelewa. Windows 2000 nayo haikujua kutofautisha kiini halisi na kivuli chake. Kwenye mashine ya prosesa mbili, ingeweza kurundika kazi mbili kwa moja huku ya pili ikilala. Hapo ndipo wengi walipozoea kuizima. Intel yenyewe iliiacha kwenye Core 2 mwaka wa 2006, ikairudisha 2008 na kizazi cha Nehalem. AMD ilikuja na yake kwenye Ryzen, 2017.

Lakini kugawana jiko kuna hasara nyingine: jirani anaona unachopika. Mwaka wa 2005, Colin Percival alionyesha kwamba programu moja inaweza kupima mwendo wa kashe na kuiba ufunguo wa siri wa programu inayoendesha uzi wa pili. Wengi waliona ni mambo ya maabara tu. Juni 2018, mfumo wa OpenBSD ukaanza kuizima Hyper-Threading ya Intel bila kungoja kuombwa. Mei 2019 yakatangazwa mashimo mengine kwenye prosesa za Intel, na Google ikaizima kwenye Chrome OS. Apple ilionya kwamba kinga kamili, pamoja na kuzima nyuzi, ingeweza kupunguza kasi ya Mac kwa hadi asilimia 40 kwenye baadhi ya kazi. Kumbe nyuzi zilikuwa zinasaidia sana, na ndiyo maana kuziacha kuliuma.

Mwaka wa 2024 Intel iliziondoa tena kwenye prosesa zake za laptop za Lunar Lake. Siku hizi chipu huwa na viini vidogo visivyokula umeme mwingi, na kazi ya ziada inaweza kupelekwa huko badala ya kubanwa kwenye kiini kikubwa.

Basi, zinasaidia au zinaharibu? Ukiwa unachakata video au kukompaili kodi kwenye mashine yako, ziache zifanye kazi, ila usitarajie nyuzi nane kuwa viini vinane. Kwa mwenye seva inayoendesha programu za watu wasiojuana, swali la kwanza si kasi. Ni nani anapika naye kwenye jiko moja.