Kipindupindu na majina yake

Magunga, upande wa Gwassi, Ziwa Victoria haliko mbali na neno kipindupindu halihitaji kufafanuliwa. Ndani yake mna shina la kitenzi pindua, limerudiwa kwa mkazo. Linamtazama mgonjwa na jinsi ugonjwa unavyomgeuza.

Maabara humtazama mdudu: Vibrio cholerae. Neno la kwanza ni jenasi, lenye herufi kubwa. La pili ni spishi, herufi ndogo daima. Mwitaliano Filippo Pacini alimwona kwa hadubini mwaka 1854 akamwita Vibrio, kwa vile anavyotikisika.

Hata hivyo, jina hilo pekee halitoshi. Spishi hii ina makundi zaidi ya 200, na mengi hayajawahi kuleta mlipuko. Yanayohofiwa ni O1 na O139. Ndiyo sababu choo cha mgonjwa hupandwa kwenye sahani yenye chakula maalumu cha bakteria. Vikiota vidoa vya manjano, mtaalamu huvichanganya na kingamwili za O1. Vikigandana, kundi limejulikana. Mlipuko wa mwaka 1997 magharibi mwa Kenya, uliohusishwa na kunywa maji ya ziwa, ulikuwa wa O1.

Kupata jina kamili huchukua siku kadhaa, na mgonjwa hana siku hizo. Napenda kwamba neno letu la zamani linatosha kwa muuguzi kuanza mara moja kumnywesha maji ya chumvi na sukari. Majibu ya maabara yatamkuta kazini.