Majumba ya Sinema ya Zamani

Ewe msomaji, ukipanda matatu hapa Machakos asubuhi kwenda Nairobi, utapita Kyumvi, Athi River na Mlolongo, na kabla hujaingia katikati ya jiji utamsikia kondakta akipaza sauti, "Bellevue! Kuna mtu wa Bellevue?" Watu wawili watatu watashuka na mizigo yao, na gari litaendelea na safari. Jina hilo hutajwa mara nyingi kila siku, lakini nilipowauliza wanafunzi wangu wa ualimu, ambao ni watu wazima, asili yake ni nini, walitazamana tu. Mmoja alisema huenda lilikuwa jina la Mzungu aliyekuwa na shamba pale. Kumbe Bellevue ilikuwa sinema ya uwanjani, ambapo watu walitazama picha usiku hali wameketi ndani ya motokaa zao.

Wala si Bellevue peke yake. Katika barabara ya Thika kuna mahali paitwapo Drive-In, kwa kuwa upande huo palikuwa na sinema ya namna hiyo hiyo, nayo ikiitwa Fox. Odeon, ambapo matatu husongamana asubuhi na jioni, ilikuwa sinema. Mzunguko wa barabara uitwao Globe ulipata jina lake kwa sinema iliyokuwa karibu. Na watu wakiagana kukutana Kenya Cinema katika Moi Avenue, wengi wao hukutana pale nje, wakaenda zao. Hivyo mtu wa Nairobi huenda kazini na kurudi nyumbani akipita katikati ya majina ya nyumba za picha, na huenda hajaingia hata moja. Nataka nikueleze habari za nyumba hizo, na zaidi habari za milango yao, maana habari za mlango ndizo zilizosahauliwa kuliko zote.

Picha za sinema zilionyeshwa mbele ya watu waliolipa kiingilio katika mji wa Paris, tarehe 28 Desemba 1895, na ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière. Siku hiyo Nairobi haikuwapo. Machakos ilikuwapo, tena ilikuwa kituo cha Kampuni ya Imperial British East Africa tangu mwaka 1889. Reli ilipofika penye maji baridi ya Wamasai mwaka 1899, ofisi za serikali zilihamishwa kutoka kwetu zikapelekwa huko, jambo ambalo sisi watu wa Machakos hatujalisahau kabisa. Basi Nairobi na sinema ni kama marika, na zilikua pamoja. Mwaka 1912 jumba la Theatre Royal lilijengwa katika njia ambayo leo ni Kenyatta Avenue, na baadaye likawa sinema iliyoitwa Cameo. Mwaka huo huo serikali ya wakoloni ilitunga sheria ya kutawala michezo ya kuigiza na maonyesho ya sinema. Waona basi kwamba jumba na sheria vilizaliwa mwaka mmoja.

Majumba yenyewe yalikuwa ya fahari. Ulimwenguni wakati huo matajiri wa sinema walishindana kujenga nyumba zilizofanana na majumba ya wafalme; jumba la Roxy katika New York, lililofunguliwa mwaka 1927, lilikuwa na viti karibu 6,000. Afrika ya Mashariki haikufikia ukubwa huo, lakini ilifuata desturi ile ile. Mtu aliingia kwanza katika ukumbi wa mbele wenye taa nyingi, akapanda ngazi pana, akakabidhi tiketi yake, akaongozwa kwa tochi mpaka kitini. Mbele yake lilikuwako pazia zito. Wenye fedha zaidi waliketi juu, katika roshani, na wenye fedha kidogo waliketi chini karibu na pazia, wakiinua shingo. Nyuma kabisa, katika chumba kidogo chenye joto kali, fundi alisimama na mitambo miwili. Mkanda wa filamu hupita mbele ya taa kwa mwendo wa picha 24 kila sekunde, na kila gurudumu la mkanda huisha baada ya dakika 10 au 20 tu. Kwa hiyo ilimpasa fundi auwashe mtambo wa pili sawasawa na kuzimika kwa wa kwanza. Akichelewa kidogo, ukumbi mzima ulipiga miluzi. Mji wa Nairobi ulikuwa na Kenya, Odeon, 20th Century, Embassy na nyingine. Katika Ngara ilikuwako Shan, na katika Pangani ilikuwako Liberty, zilizopendwa sana kwa picha za Kihindi. Mombasa ilikuwa na Regal, Majestic na Naaz. Kisumu ilikuwa na Tivoli. Machakos yetu haikuhesabiwa miongoni mwa miji ya majumba hayo. Mtu wetu aliyetaka kuyaona ilimbidi asafiri.

Babu yangu alisafiri. Alikwenda Nairobi kutafuta kazi baada ya msako mkubwa wa Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, ambapo maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa na kuondolewa mjini, na waajiri wakawa wanatafuta watu wa makabila mengine, Wakamba wakiwa miongoni mwao. Alipata kazi ya kufagia na kutumwa katika duka. Jumamosi moja, akiwa na mshahara mfukoni na shati lililopigwa pasi, alikwenda kwenye jumba moja la sinema, ambalo sitalitaja. Karani wa tiketi hakumtukana. Alimwambia tu kwamba picha ile si ya Waafrika. Babu alidhani hakusikia vizuri, akaziweka fedha zake mezani. Karani akazirudisha kwa ncha za vidole.

Maneno ya karani hayakuwa ya kubuni. Katika Kenya ya wakoloni, wakaguzi wa serikali walizitazama filamu kabla hazijaonyeshwa, na nyingine waliziruhusu kwa Wazungu na kuzizuia kwa Waafrika. Waliogopa kwamba Mwafrika akimwona Mzungu mlevi, au mwizi, au mwanamke wa Kizungu akibusiwa, heshima ya utawala itapungua. Juu ya ukaguzi huo ilikuwako desturi ya ubaguzi wa rangi, ambayo haikuhitaji kuandikwa ukutani. Mwafrika wa mjini aliziona picha zake katika kumbi za mitaa, kama ile ya Pumwani, na huko picha za kauboi zilishangiliwa kwa kelele nyingi.

Wale wa mashambani waliletewa sinema na serikali yenyewe. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham walikaa Vugiri, katika milima ya Usambara huko Tanganyika, wakatengeneza filamu 35 za kuwafundisha Waafrika habari za kilimo, afya na kuweka akiba, nazo zikazungushwa kwa gari Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini. Mwaka 1939 Waingereza walianzisha idara iliyoitwa Colonial Film Unit, na mkuu wake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika asiyesoma hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi. Kwa hiyo, alisema, filamu zake ziende polepole, kila jambo lionyeshwe toka mwanzo hadi mwisho, na hila za kamera ziachwe.

Wazee wa Ukambani waliyaona magari hayo ya sinema. Kitambaa cheupe kilitundikwa, injini ya umeme ikanguruma, na watu wakaonyeshwa jinsi ya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kumbuka, msomaji, kwamba watu hao walikuwa wale wale waliomfuata Muindi Mbingu mwaka 1938, wakatembea mpaka Nairobi kumkabili Gavana kwa sababu ng'ombe wao walinyang'anywa kwa jina la kuhifadhi udongo. Sidhani shida yao ilikuwa kwamba picha zilikwenda upesi mno.

Kama wataka kujua jinsi fikira za Sellers zilivyokosea, twende Unguja. Huko, katika mtaa wa Vuga, mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla alifungua jumba la Royal mwaka 1921. Mchoro wake ulifanywa na J. H. Sinclair, ofisa mkubwa wa Kiingereza aliyechora majengo mengi ya mji ule. Jumba hilo liliteketea katika miaka ya 1950, na mahali pake likajengwa jingine, Majestic. Katika Unguja, na kadhalika katika miji ya Tanganyika, wenye sinema wengi walikuwa Wahindi waliotaka kujaza viti, na mlango wao ulikuwa mpana kuliko ule wa Nairobi. Waarabu, Wahindi, Wangazija na Waswahili walinunua tiketi dirisha moja, ingawa bei za viti ziliwatenga matajiri na maskini. Yalikuwako maonyesho ya wanawake peke yao, na akina mama walikwenda kwa makundi wakiwa wamevaa mabuibui. Mara nyingine nakala ya filamu ilikuwa moja na majumba ni mawili. Basi jumba moja lilianza mapema, na kijana mwenye baiskeli akalipeleka mbio kila gurudumu la mkanda likiisha, akikata kona za mji huku jumba la pili limekaa gizani likimngoja.

Katika miaka ya 1950 ilifika huko filamu ya Kihindi iitwayo Awara, ya Raj Kapoor, iliyotengenezwa mwaka 1951. Ni kisa cha hakimu aamini kwamba mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi, na mtoto wa mtu mwema huwa mwema. Jambazi mmoja, kwa kulipiza kisasi, anamlea mtoto wa hakimu huyo katika wizi, mpaka siku moja kijana anasimama kizimbani, naye hakimu hajui kwamba ni mwanawe. Kisa hicho kina nyimbo, ndoto na mambo ya nyuma yanayorudiwa katikati, tena husimuliwa kwa Kihindi, lugha ambayo Waswahili wengi hawakuijua. Hata hivyo waliifuata, wakalia, wakairudia mara nyingi, wakaenda nyumbani wakibishana kama tabia ya mtu hutoka katika damu au katika malezi. Watu walioambiwa hawawezi kufahamu filamu ndio waliokuwa wakijadili, barazani, msingi wenyewe wa utawala uliowaambia hivyo.

Katika Kenya sheria mpya ya filamu na michezo ilianza kutumika mwaka 1963, na Desemba ya mwaka huo tukapata uhuru. Tangu hapo mlangoni mtu aliulizwa tiketi, hakuulizwa rangi. Yafuatayo nitayasema kwa ufupi. Majumba yalijaa katika miaka ya 1960 na 1970. Lakini televisheni ilikuwa imekwisha kuanza mwaka 1962, na katika miaka ya 1980 zikaja kanda za video, ambazo mtu aliweza kuzitazama nyumbani, au kwa senti chache katika kibanda cha mabati hata hapa kwetu. Mwaka 1986 Sao Gamba alitoa Kolormask, mojawapo ya filamu ndefu za kwanza zilizotengenezwa na Mkenya. Nasikitika kwamba alifika karamuni wakati wageni wameanza kuondoka. Watu waliogopa kutembea mjini usiku, na viwanja vya katikati ya jiji vikawa na thamani kubwa kuliko tiketi. Baadhi ya majumba yakawa makanisa, mengine maduka. Shan ya Ngara ikawa Sarakasi Dome, ambapo vijana hujifunza kuruka na kupinduka hewani. Majestic ya Unguja ilibaki gofu lisilo na paa kwa miaka mingi, ingawa siku za karibuni wako watu waliojitokeza kutaka kuirudishia uhai.

Nimebakiza habari ya babu. Mwaka 1964 alirudi kwenye jumba lile lile, akiwa na bibi yangu safari hii, akanunua tiketi mbili za juu, katika roshani, ambazo zilikuwa ghali kuliko zote. Viti vya sinema, kama ujuavyo, vina springi. Mtu asipovikalia hujikunja vyenyewe kwenda juu. Babu hakuwa amepata kuviona. Aliketi juu ya ukingo wa kiti kilichojikunja, bibi naye vivyo hivyo, wakawa wameinuka kuliko watu wote, nao hawakutaka kuuliza kwa kuwa walihisi wanatazamwa. Walikaa hivyo mpaka nusu ya picha, miguu ikiwafa ganzi, hata mama mmoja wa Kihindi aliyekuwa nyuma yao, ambaye nadhani alikuwa haoni kitu, akainama, akakishika kiti cha bibi na kukishusha kwa mkono wake.

Nilimwuliza babu ilikuwa picha gani. Alisema hakumbuki, ila kiti kilikuwa cha rangi nyekundu.